Mama Aliyekataa Kumzika Mwanawe kwa Ulimi

Imetufikia kutoka kwa wema waliotutangulia kwamba liwali wa mji mmoja huko Iraki, mtu mcha Mungu, alitoa amri njema: kila mzee asiye na mtoto wa kumtunza apewe mikate na mafuta ya Baitulmali, hazina ya umma, kila Ijumaa. Amri ilikuwa njema, ila makarani wake, Allah awasamehe, waliitia kigingi. Mzee ambaye mtoto wake alipotelea safarini sharti aape kuwa amekufa, kisha waliohudhuria wamsalie mtoto huyo palepale sala ya jeneza la ghaibu, yaani ya maiti asiye mbele yao.

Ijumaa moja akafika Bi Rumaysa, msokota sufu ambaye mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka. Mwanawe Suhaym aliondoka na msafara, na huo ulikuwa mwaka wa kumi na mbili bila salamu. Siku mbili bibi huyu alikuwa hajatia chakula kinywani. Harufu ya mikate ilipomfikia, akaisogelea meza ya makarani.

"Apa, mama," karani akamhimiza. "Neno moja tu."

Watu wakajipanga safu. Bi Rumaysa akaitazama safu ile. Akiapa, atakula, asipoapa, atarudi kwenye jiko baridi. Lakini kila alfajiri alimwombea Suhaym arudi salama. Leo aruhusu asaliwe kama maiti?

"Wallahi sijui kama yu hai au amekufa," akasema. "Anajua Mola wake. Sitamzika mwanangu kwa ulimi ili nishibe."

"Basi huna fungu hapa," karani akamwambia.

Akashika mkongojo wake aondoke. Hapo Mzee Habbab, msuka vikapu, akaurudisha mezani mkate aliokwisha kuumega. "Mimi niliapa kuwa binti yangu amekufa, naye yu hai, ila hanijali. Niliogopa njaa kuliko nilivyomwogopa Mola wangu. Astaghfirullah." Akafuata wa pili, na wa tatu, mpaka meza ikajaa mikate iliyomegwa.

Liwali alipopashwa habari alikuja mwenyewe kwa miguu. Akaitazama mikate ile, machozi yakamtoka.

"Uongo wao uko shingoni mwangu," akasema. "Tuliwauliza habari za watoto wao, tusiwaulize habari za jiko lao." Tangu siku hiyo akawaamrisha makarani wapite nyumba kwa nyumba, na kila mzee aulizwe swali moja tu. Akaanza yeye kwa Bi Rumaysa. "Mama, jana ulikula nini?"

"Nilikunywa maji, alhamdulillahi."

Akampa mkate kwa mkono wake. Bi Rumaysa akala huku akicheka na kulia, na wazee wote wakala naye.

Ndugu zangu, tuwatazame wazee wetu kabla ya kuwadai ushahidi. Hatukupokea kwamba Suhaym alirudi. Tulichopokea ni kwamba alfajiri iliyofuata mama yake, hali ameshiba, alimwombea dua ileile ya walio hai.