Huku Juu Hakuna Upande wa Barabarani

Sogeeni mbele, jamani. Huko nyuma mmekaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Sogea mzee wangu, mkeka hauumi. Leo nawapandisha ndege, na ndege haiondoki na abiria wamejibana mlangoni.

Kulikuwa na bwana mmoja, muuza rangi. Rangi za ukuta, za mlango, za bati. Kazaliwa kisiwani, kijiji cha karafuu, akavuka maji kwenda mjini, akafungua duka na duka likamkubali. Na muuza rangi, ndugu zangu, ana elimu ambayo mimi na wewe hatuna. Ukuta ukipasuka, sisi tunaita fundi. Yeye anafungua kopo.

Bwana huyu akapata mchumba. Binti wa watu, na baba yake ni mtu mzito. Mzito wa heshima na mzito wa mizani, tutafika huko. Mzee akamwita, akamkalisha, akamwambia:

"Kijana, posa yako nimeisikia. Lakini binti yangu simwozi kwa mtu niliyemwona dukani tu. Nataka nione ulikotoka. Nataka nione umemwekaje mama yako, maana hivyohivyo ndivyo utakavyomweka mwanangu."

"Hilo tu, baba? Twendeni kisiwani mkapumzike, wewe na mama, mimi ndiye mwenyeji wenu. Mama yangu nimemjengea nyumba. Bati jekundu, mtaliona toka mbali!"

Sasa tuseme kidogo habari za hilo bati. Ni kweli aliliweka. Upande wa mbele, ule unaotazama barabara, bati jipya kabisa, akalipaka nyekundu, likakauka, akalipaka tena. Ukipita na gari unasema huyu mama kazaa. Na upande wa nyuma? Nani anapita nyuma? Nyuma kuna migomba na banda la kuku, na kuku hawana binti wa kuozesha. Nyuma akaliacha bati la marehemu baba yake, lililooza mpaka ukilisemesha linadondoka. Mvua ikinyesha, mama anapanga masufuria kitandani, yeye anajikunyata jikoni hadi ipite. "Mwakani, mama," bwana alikuwa akisema. Na mwakani ikifika, nayo ilikuwa na mwakani yake.

Basi wakaja. Hoteli ya ufukweni, madafu, mama mkwe kavua viatu anakimbizana na mawimbi kama msichana. Siku ya pili wakapita kijijini na gari la kukodi. Bwana akamwambia dereva apunguze mwendo, apige honi.

"Ile pale!"

"Mashaallah!" akasema mama mkwe. "Simama basi, tushuke tumsalimie."

"Hayupo, mama. Kaenda matangani, mbali."

Hayupo? Subhanallah! Mama alikuwa ndani, kapika pilau, kavaa vizuri, kakaa nyuma ya mlango. Akaisikia honi ya mwanawe inakuja, inafika, inapita, inaishilia. Mwanawe akampigia simu baadaye akamwambia wageni walichoka.

"Kwa hiyo sitawaona?" mama akauliza.

"Utawaona! Kesho nawakodia ndege ndogo, ile ya kutembeza watalii. Tutapita kijijini. Wewe toka barazani, tupungie mkono."

"Ndege? Mtapita kwa juu?"

"Kwa juu, mama."

Mama akanyamaza kidogo. "Haya, mwanangu."

Shikeni hicho kimya cha mama. Msikiachie, tutakihitaji.

Kesho yake wakafika uwanjani. Rubani alikuwa binti wa kisiwani hapohapo, mfupi, miwani myeusi, anatafuna ubani. Kindege chenyewe kidogo, ukikiona unauliza mama yake yuko wapi. Kabla ya kupanda, kila mtu apimwe uzito. Baba mkwe akakanyaga mizani, mshale ukazunguka ukitafuta pa kukimbilia.

"Mzee utakaa mbele na mimi," akasema rubani. "Ukikaa nyuma tutaruka tumeangalia mbinguni."

"Si ndiko tunakokwenda?" akajibu mzee.

Wakavishwa vile vipokea sauti vya masikioni, vyenye kijiti cha kusemea mdomoni, maana injini ya kindege kile inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Rubani akawaambia wazi: ukisema wewe, tunasikia wote. Bwana wetu alikuwa anatabasamu kwenye kioo, hakusikia.

Wakaruka. Chini bahari, fungu la mchanga jeupe limejitandaza katikati ya maji, samaki wanaonekana kama punje. Bwana anaonyesha kwa kidole: "Bluu ile ninayo dukani. Ile ya kijani imekwisha, naagiza." Mama mkwe anacheka. Baba mkwe hacheki, kashika kiti kwa mikono miwili, anamsaidia rubani kwa kunong'ona dua.

Wakaingia nchi kavu. Na hapo, ndugu zangu, yule bwana akatazama chini, tabasamu likamkauka.

Aliona paa la shule. Upande wa mbele na upande wa nyuma, zote pamoja. Akaona paa la msikiti, pande zote. Akaona choo cha mtu kisicho na paa, na mwenyewe yumo! Mtu mzima huyu, mwenye duka, hakuwahi kupanda kindege. Akilini mwake ndege inapita kama gari: ina njia, ina upande. Jasho likamtoka hata kwenye kope. Akainama, akanong'ona kwenye kile kijiti:

"Dada rubani. Pale mbele, pita upande wa barabarani."

"Upande gani?"

"Wa barabarani. Nyuma usipite."

Rubani akatafuna ubani wake. "Kaka yangu, huku juu hakuna upande wa barabarani."

"Kwa nini tusipite nyuma?" Sauti ya baba mkwe, sikioni mwake, kama iko ndani ya fuvu.

Mnaona? Alidhani ananong'ona.

"Nyuma kuna... kuna nyuki, baba."

"Nyuki? Huku?"

"Wa kisiwani, baba. Wanapanda sana."

Msicheke bado. Bati jekundu lilikuwa limeshaonekana. Mama mkwe akapiga makofi. Kindege kikapinda, kikalala ubavu, na upande wa nyuma wa nyumba ukafunuka wote mbele ya macho yao.

Bwana akafumba macho. Akangoja kusikia aibu yake.

"Ah!" akasema mama mkwe. "Na nyuma kaweka maua!"

Akafumbua. Juu ya bati bovu zilikuwa zimetandazwa kanga. Za manjano, za zambarau, nyekundu, mpya zote, zimebanwa na mawe kwenye pembe. Na kila moja aliijua. Kila Idi mama akisema paa linavuja, yeye alimtumia kanga. Mama hakuzivaa hata moja. Na leo kila moja imekaa juu ya tundu lake.

"Na yule aliyekaa juu ya paa ni fundi?" akauliza baba mkwe.

"Fundi gani kavaa buibui?" akasema rubani.

Yule bwana akabandika paji la uso kwenye kioo. Juu ya paa la nyumba, juani, mwanamke mzee kakaa kitako, kakunja miguu kama yuko kwenye mkeka, kakaza mkono mmoja kwenye bati, na mwingine anawapungia.

Upepo wa bahari ukapita. Kanga ya kwanza ikapeperuka. Chini yake, tundu. Ya pili, tundu. Mama akajinyoosha kuidaka ya tatu, mguu ukateleza, naye akaanza kushuka na bati, tumbo chini, kuelekea ukingoni... na kindege kikapita. Paa likabaki nyuma. Mbele yao migomba na bahari, basi.

"GEUZA!"

Jamani, yule aliyekuwa ananong'ona, sasa anapiga kelele mpaka rubani kavua kipokea sauti sikio moja.

"Geuza! Rudi! Mama yangu! Ni mama yangu yule!"

"Nipite upande gani?" rubani akauliza, naye anageuza tayari.

"Wowote! Upande wowote!"

Kule kugeuka kukawa kurefu kuliko safari nzima. Mama mkwe kajifunika uso. Baba mkwe kaacha dua, kakodoa macho. Paa likarudi. Mama yupo. Kalala kifudifudi, vidole vimeng'ang'ania bati, miguu inaning'inia nje ya ukingo. Na ile kanga ya tatu? Kaiuma kwa meno! Majirani wanakimbia na ngazi.

Walipotua, wakaifuata nyumba kwa gari, na safari hii hawakupita. Wakamkuta mama keshateremshwa, kakaa barazani, viganja vimeungua kwa bati lililopigwa na jua. Alipowaona wageni akaficha mikono ndani ya buibui, akasema:

"Karibuni, karibuni wakwe zangu. Samahani, jana nilikuwa... matangani."

Nani alimwambia habari za matanga? Si mwanawe. Dereva wa gari la kukodi ni mtu wa kijiji hichohicho, maneno hutembea. Uongo wa mwanawe ulimfikia, akauokota, akauvaa.

Bwana akapiga magoti. "Mama, ungekufa! Kwa nini upande wewe?"

"Ulisema mnapita kwa juu, baba. Kanga zilinipungukia. Likabaki tundu moja, lile la juu ya kitanda. Nikapandia banda la kuku, nikasema hili nitalikalia."

"Si ungemwita hata jirani?"

"Nimwite nimwambie nini? Nimwambie mwanangu..."

Hata pale, viganja vinamwaka, sentensi ile hakuimaliza.

Baba mkwe akamsogelea mama pale barazani. Kisha akasema, "Bi mkubwa, nilikuja kumtazama huyu, nimekuona wewe. Mimi mkwe nimeshampata." Akamgeukia kijana. Akaichukua ngazi ya majirani, akamkabidhi. "Wewe bado. Panda. Kakae pale alipokaa mama yako, mpaka bati lije."

Na wingu, ndugu zangu, lilikuwa linajikusanya upande wa bahari. Akapanda.

Mmefurahi, eh? Nawaona. Mnasema amekipata. Sasa shukeni kwenye ndege, tuzungumze sisi kwa sisi.

Sisi tumeezeka upande gani? Safu ya mbele msikitini tupo, kanzu imepigwa pasi, sauti laini, "ndugu yangu, habari za nyumbani?" Hiyo ni nyekundu, tena imepakwa mara mbili. Na nyuma, kwenye migomba, huko anakokaa mama, anakokaa mke, anakokaa yule binti anayetufulia, huko kuna bati gani? Tukimwomba Mola atupitie, tunamwomba kama tunavyomwelekeza dereva: pita hapa mbele, huko nyuma kuna nyuki. Yeye yuko juu. Huko juu hakuna upande wa barabarani.

Hayo mnayajua, mngeweza kunihubiria mimi. Lililonishtua ni jingine. Yule bwana alimficha mama yake. Mama akamsitiri mwanawe. Mnausikia umbali wa maneno hayo mawili? Anayeficha anajiokoa yeye. Anayesitiri anaungua viganja kwa ajili ya mwingine.

Basi nakuuliza wewe unayenitazama, na wewe unayejifanya unatazama mkeka: tundu lako nani kalikalia? Mke anayewaambia wageni "nilijigonga mlangoni," na mlango wenyewe ni wewe? Mtoto aliyemwambia mwalimu kwamba baba yuko safarini? Mama anayewajibu majirani "mwanangu ana kazi nyingi"? Tunapita chini tunapiga honi, tunasema nyumba yetu nzuri. Ni nzuri, ndiyo. Kuna mtu yuko juu yake, kaiuma kanga kwa meno.

Tukimaliza hapa, usinipe mkono, usinisifu mawaidha. Nenda nyumbani moja kwa moja. Zunguka nyuma. Chukua ngazi.

Mteremshe.