Mize na Kalamu za Matete

Mtafuna kalamu ana neno kinywani.

Mmemsikia jirani yetu Bi Raya akilisema neno hilo leo mchana, mama yenu alipokuwa akimfokea Asaa kwa kuiguguna biki yake mpaka imekuwa kama mswaki wa mzee. Sasa mmenijia wote pamoja, mnataka kujua limetoka wapi. Kaeni basi. Na wewe Hidaya, acha kumcheka ndugu yako, kucha zako nazo nazijua zinaishia wapi. Chimbuko la methali hii ni hili.

Zamani, kabla kalamu za duka hazijawa kitu cha kuokota njiani, katika kijiji cha Mkungumani palikuwa na chuo cha Kurani cha Mwalimu Faki. Watoto walikaa jamvini ukumbini mwa nyumba yake, kila mmoja na ubao wake wa mti. Wino wao ulikuwa masizi ya vyungu yaliyokorogwa na gundi. Kalamu zilikuwa matete. Mwalimu aliyakata mwenyewe bondeni, akayaanika juani, kisha akayachonga ncha kwa kisu kidogo, taratibu, kama anayemnyoa mtoto mchanga. Alizipenda kalamu zile. Akikuona umeikanyaga moja, siku yako imeharibika.

Kila siku aliandika somo juu ya ubao wa mtoto, na mtoto akalinakili chini yake, kisha wote wakalisoma kwa sauti, wakirudia mpaka limekaa kichwani. Huo ndio ulikuwa mwendo wa chuo, na wengi wetu tulisoma hivyo hivyo.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Mize, mtoto wa pekee wa Bi Kazija, mjane. Mize alikuwa na sauti. Akisoma, wapita njia walipunguza mwendo, na kina mama wakaacha kutwanga ili wamsikilize. Alikipenda chuo kuliko chakula, na mama yake alijivunia mpaka akawachosha majirani. Lakini Mize alikuwa na kasoro moja: alitafuna kalamu. Mwalimu akimpa mpya asubuhi, kabla ya jua kupanda ncha imepasuka, na upande wa nyuma umekuwa nyuzinyuzi. Midomo yake ilikuwa myeusi siku zote. Wenzake wakamwita Mize Panya.

Mwalimu Faki hakuwa mtu mbaya, ila walimu wa siku zile mkono wao ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Alimkaripia, hakuacha. Akamchapa, hakuacha. Akazipaka kalamu pilipili. Mize akatafuna huku anapiga chafya. Mwishowe mwalimu akatafuta shubiri, ile ile wanayojipaka kina mama matitini wanapotaka kumwachisha mtoto kunyonya. Hakuna mtoto anayerudia mara ya pili. Lakini Mize aliitia ile kalamu mdomoni, machozi yakamtoka, akaendelea kutafuna mpaka ikapasuka.

Hapo mwalimu akakata tamaa. Aliona huu sasa si utoto, ni ujeuri.

Kijijini kwao palikuwa na desturi. Ubao wa mtoto haurudi nyumbani ila kwa mambo mawili: amehitimu, au ametolewa chuoni. Kwa hiyo alasiri ile, Mwalimu Faki alipobisha hodi kwa Bi Kazija na ubao wa Mize kwapani, yule mama hakungoja maneno. Mize hakuwa amehitimu. Bi Kazija akauacha mchele aliokuwa akiupeta, akasimama.

"Karibu, Mwalimu. Amefanya nini tena mwanangu?"

"Hakufanya jipya, Bi Kazija. Ni lile lile. Jana nimepaka kalamu shubiri, ameila. Mtoto anayekula shubiri ili tu aharibu kalamu, mimi sina dawa yake. Mweke nyumbani akusaidie kazi."

Barazani hapo alikuwapo pia Vuai, kaka yake Bi Kazija. Vuai alikuwa kipofu tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za usumba wa nazi, na Mize ndiye aliyemshika mkono kumpeleka msikitini na kumrudisha. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walizoea kuongea mbele yake kana kwamba hayupo. Sijui kwa nini tunawafanyia vipofu hivyo. Yaliyokufa ni macho, si masikio.

Mize alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Akatoka mbio.

"Mwalimu, usinitoe! Somo la leo nimelishika lote. Nisikilize, tafadhali."

Bi Kazija akauchukua ubao kwa mwalimu, akamtia bintiye mikononi. "Msomee Mwalimu wako," akasema.

Mize akainamia ubao, akaanza kusoma, kidole chake kikitembea juu ya mistari. Alisoma vizuri kuliko siku zote, maana alikuwa anajitetea. Hakukosea hata mahali pamoja. Mwalimu Faki alisimama akisikiliza, na moyo wake ukaanza kulegea.

Mikono ya Vuai ilikuwa imetulia juu ya kamba.

"Mwalimu," akauliza, "ubao ameushika vipi?"

Lilikuwa swali la ajabu, na mwalimu alitaka kulipuuza. Lakini alitupa jicho, kisha akasogea karibu akatazama vizuri. Bi Kazija hakujua kusoma, na kwa haraka aliyokuwa nayo alimpa mtoto ubao kichwa chini. Mize alikuwa ameupokea hivyo hivyo, akausoma hivyo hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ameugeuza juu chini," mwalimu akasema polepole.

"Nilidhani hasomi kwa macho," Vuai akasema. "Mtoto hali shubiri kwa ulafi, Mwalimu. Anayekula shubiri anaogopa kitu kichungu zaidi. Mize, njoo hapa, mwanangu."

Mize akamwendea. Alitia kidole mdomoni, kwa kuwa kalamu hakuwa nayo.

"Herufi unaziona?"

Mama yake akataka kumjibia, Vuai akamwinulia mkono anyamaze.

"Sizioni, Mjomba," Mize akasema mwishowe. "Naona weusi tu. Wenzangu wakisoma nalishika kwa masikio. Lakini kuandika siwezi. Nikiitafuna kalamu ikapasuka, Mwalimu hukaa akanichongea nyingine, na zamu ya kuandika inanipita."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema nitatolewa chuoni. Nitakaa hapa nawe, nisokote kamba mpaka nife." Akaanza kulia. "Mimi sitaki kuwa kama wewe, Mjomba."

Bi Kazija akajishika mdomo kwa aibu. Hilo ni neno zito kumwambia mtu mzima, tena mjomba wako, na aliyelisema ni mtoto anayempenda kuliko watu wote. Lilimchoma Vuai, msidhani halikumchoma. Vidole vyake vilizichambua nyuzi za usumba.

"Hata mimi sikutaka," akasema.

Kisha akamgeukia mwalimu, uso wake ukielekea pale sauti ilipokuwa.

"Mimi nilikuwa naivunja ncha, Mwalimu, nasema imekatika yenyewe. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alinichapa kwa kila tete nililolivunja, na hakuniuliza hata mara moja. Nami nikanyamaza. Mwanga ukaondoka kidogo kidogo, nimeziba mdomo. Labda macho yangu yasingepona hata ningesema. Lakini ningesoma yale ambayo nilikuwa bado naweza kuyaona. Hilo ndilo linaloniuma."

Mwalimu Faki alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na mbele ya mjane na kipofu na mtoto akaona haya. Hakusema mengi. Akaingia jikoni kwa ruhusa ya mwenyewe, akatoka na kipande cha mkaa. Kwenye ukuta uliopakwa chokaa akachora herufi moja, ndefu kama mkono wake.

"Hii?"

"Alifu," Mize akajibu.

Akachora nyingine, ndogo kuliko ile. Mize akaisema. Akachora nyingine, ndogo zaidi, na nyingine, akienda hivyo mpaka pale mtoto alipokunja uso, akakisogeza kichwa mbele na kushindwa. Mwalimu akaitazama ile ya mwisho aliyoiweza. Ilikuwa na ukubwa wa kiganja.

"Basi tutaandika kwa kiganja," akasema. Akauchukua ubao akaondoka nao. Bi Kazija alipouona unarudi chuoni, alikaa chini akalia.

Mwalimu akachonga kalamu ya mwanzi, nene kama dole gumba, na fundi akamrandia ubao mpana kutoka kwenye mlango mbovu. Mize akaandika. Ubao ulijaa kwa maneno machache tu, kwa hiyo aliuosha na kuukausha mara nyingi kuliko wenzake, na alichelewa kuhitimu, lakini alihitimu. Baadaye mama yake alimpeleka hospitali ya mjini akapewa miwani minene. Macho yake hayakupona, wala hayakuzimika. Na kutafuna hakuacha siku ile ile, maana mazoea yana tabu. Aliacha polepole, bila ya mtu kumwambia.

Miaka ikapita. Mwalimu Faki alipozeeka, watoto wa Mkungumani walisomeshwa na Mwalimu Mize, na huko ndiko neno lenyewe lilikotoka.

Asubuhi moja alikuja mtu mmoja, jina lake Shaame, anamburura mwanawe Pandu. Mtoto ana kalamu mdomoni hata katika kuburutwa.

"Mwalimu Mize, huyu amenishinda," Shaame akasema. "Anatafuna kalamu, anatafuna ukosi wa kanzu, juzi nimemkuta anatafuna shanga za tasbihi yangu! Mpige utakavyo. Mimi nirudishie mifupa tu."

Mwalimu Mize alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtafuna kalamu ana neno kinywani, Shaame," akasema. "Ngoja alitoe kwanza."

Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto. "Pandu, una neno gani, mwanangu?"

Mtoto akaitoa kalamu mdomoni. Hakumtazama mwalimu, alimtazama baba yake.

"Baba, mama atarudi lini?"

Shaame alikuwa amemwacha mkewe mwezi ule ule kwa hasira ya jambo dogo, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumtaja yule mama katika nyumba yake. Yule aliyekuja kumtafutia mtoto wake fimbo akaketi jamvini katikati ya watoto, akamvuta mwanawe kifuani.

Waliokuwapo wakalichukua neno lile kwenda nalo majumbani mwao, na limetufikia sisi: mtafuna kalamu ana neno kinywani.