Mwenye Nyumba Aliyekagua kwa Makalio

Paukwa!

Pakawa!

Hodi humu ndani!

Hodi ya nani?

Ya mwenye hadithi. Mwenye nyumba yupo?

Hayupo, kaenda kudai kodi!

Basi naingia upesi kabla hajarudi. Sogeeni. Weye Somoe, kunja mguu, jamvi ni la wote.

Hapo kale alikuwako Muhanga. Kazi ya Muhanga kuchimba. Anachimba shimo leo, analala, kesho limemtoka moyoni, anakwenda kuchimba jingine. Fundi asiye na tamaa. Wajinga wa namna hiyo hawaishi, na wajanja wanalala ndani ya jasho lao.

Akaja Ngiri, mwili kama gunia, meno kama mundu. Akaliona shimo, halina mtu. Akasimama mlangoni. Kroo! Kroo! "Hili langu."

Kobe alikuwa anapita. Kobe ndiye aliyekuwa mjumbe wa mtaa ule, maana kila ugomvi ukitokea yeye ndiye hajafika mbali. Akauliza, "Bwana Ngiri, shimo hili kachimba Muhanga. Wewe limekuwaje lako?"

"Sikiliza, mjumbe. Aliyesimama mlangoni ndiye mwenye nyumba. Aliye ndani ndiye mpangaji. Sheria fupi hiyo, hata kichwa kidogo kama chako kitaibeba."

Kobe akaingiza kichwa chake kidogo ndani ya gamba, akaibeba sheria ile, akaenda nayo.

Basi Ngiri akawa anasimama mlango huu, kroo, langu. Mlango ule, kroo, langu. Mtaa mzima ukawa wake, na jembe hajalishika. Akapangisha. Kodi yake ndago, tenga zima kila mwezi ukiandama. Ndago tamu zile za chini, za kuchimbua kwa kucha mpaka mgongo ukuume.

Sasa, Ngiri ana jambo lake. Shimoni haingii kwa uso. Anaogopa chui asije akamkuta mgongo wazi. Anageuka mlangoni, anaingia kinyumenyume, makalio mbele, meno nyuma. Kwa hiyo nyumba zake zote alizijua kwa makalio. Macho yake hayakuwahi kuuona ukuta hata mmoja. Tena akijiita mkaguzi!

Akaja Bi Kalunguyeye kupanga. Mdogo, mwili mzima miiba, mdomo umechongoka kama wa mtu anayetaka kusema neno. Akapewa shimo la bondeni. Mvua ya kwanza tu, chururu chururu, maji yakamfikia kidevuni. Akamwendea Ngiri.

"Baba mwenye nyumba, nyumba inaingiza maji."

"Mama weye, wenzio wanapanga foleni kisimani. Wewe maji yanakufuata kitandani, na bado unalalamika?"

Bi Kalunguyeye akarudi nyumbani. Akachimba mfereji, fukua fukua fukua, maji yakapita kando. Kesho yake Ngiri huyo, hata hodi hakupiga. Kroo! Kroo! Akageuka. Sukuru, sukuru, sukuru, makalio yakaingia. Akaketi.

"Pakavu!"

"Pakavu, baba."

"Nyumba imependeza. Kodi nayo ipendeze."

Tenga likawa matenga mawili.

Sakafu nayo ilikuwa na mawe. Bi Kalunguyeye akayang'oa, akatandika majani makavu. Ngiri huyo. Kroo! Kroo! Sukuru, sukuru, sukuru. Akaketi.

"Laini!"

"Laini, baba."

"Nyumba imependeza. Kodi nayo ipendeze."

Matenga yakaongezeka. Kila akiziba ufa, kodi inapanda. Akifagia, inapanda. Mwanamke akaanza kuogopa hata kupangusa vumbi.

Kisha akajifungua. Watoto wa kalunguyeye wakizaliwa miiba yao haijakauka, ni laini kama unga uliokandwa. Ngiri akaja kukagua, sukuru, sukuru, akasikia kwii kwii karibu na mkia wake.

"Hivi vinavyolia ni nini?"

"Wanangu, baba. Usiwakalie."

"Ulipanga peke yako. Hawa wanavuta hewa ya nani?"

"Ya Mungu."

"Ya Mungu ni ile ya nje. Ya humu ndani ni yangu. Na kwa taarifa yako, Nyegere anaitaka nyumba hii, atalipa kwa asali. Kesho nije nikute umehama."

"Baba, wingu lile pale! Masika yanaanguka. Watoto hawa mvua moja itawasomba."

"Hiyo habari kaiambie mvua."

Bi Kalunguyeye akamkimbilia mjumbe. Kobe akamsikiliza mpaka mwisho, akapumua. "Haki unayo, mama. Lakini haki haina meno. Ngiri anayo."

"Sitaki meno, Mzee Kobe. Nataka masikio yako tu. Njoo kesho, usimame mlangoni kwangu. Lakini anza kutembea sasa hivi."

Akarudi nyumbani. Mwajua, kalunguyeye hupukutisha miiba kama kuku anavyopukutisha manyoya, na yule mwanamke alikuwa hatupi kitu. Miiba yake yote ya zamani ilikuwa imerundikwa pembeni. Akaponda udongo wa kichuguu, akaongeza maji, akaukanda. Akaanza kukandika kuta. Kandika kandika, shimo likanenepa kuta, likakonda tumbo. Kila anapokandika anachomeka mwiba, ncha inatazama ndani. Kandika, chomeka. Kandika, chomeka. Umemwona mvuvi wa mtoni anavyosuka mgono? Samaki anaingia anateleza, akitaka kutoka vijiti vinamlaki. Ndivyo. Kwenye ukuta wa nyuma akaacha kitundu kidogo cha kupita yeye, kinachotokea nje, udongo ukashika, akawahamishia wanawe chini ya majani ya maboga kando ya mlango.

Kumekucha, wingu limekaa zito. Gudu gudu gudu! Ngiri huyo. Kroo! Kroo!

"Hujahama tu?"

"Nahama, baba mwenye nyumba. Watoto nimeshawatoa. Naona uchungu tu kwa lile godoro langu la sufi, liko ndani kabisa mwishoni. Ngoja nilitoe."

Ngiri masikio yakasimama. "Sufi?"

"Sufi tupu. Ukilikalia unasahau jina lako."

"Usiguse! Kilichomo ndani ya nyumba yangu ni changu!"

"Jamani, baba, hujaliona hata..."

"Nyegere atalilipia. Pisha nikague!"

Akageuka. Sukuru. "Aa, umekandika! Kunateleza!" Sukuru, sukuru. "Nyumba imependeza! Kodi..." Sukuru, sukuru, sukuru. Akabana. Kichwa na meno nje, mwili wote ndani, na godoro halipo. Akataka kutoka.

"Yalaa!"

Akajaribu tena. "Yalaa! Uwi! Mama weee! Nani ananifinya?"

Bi Kalunguyeye akaja taratibu, akasimama mlangoni, mbele ya pua yake.

"Hodi, mpangaji."

"Mpangaji nani, weye!"

"Mzee Kobe, umefika? Ile sheria bado unayo?"

Kobe ndiyo kwanza alikuwa anawasili, vumbi mpaka shingoni. Akatoa kichwa. "Ninayo. Nimeibeba siku zote, ni nzito kweli. Aliyesimama mlangoni ndiye mwenye nyumba. Aliye ndani ndiye mpangaji. Kasema Bwana Ngiri mwenyewe."

Wapangaji wa mashimo mengine nao wamekwisha toka. Panya Buku kashika mbavu, Kicheche kalala chali, anacheka mpaka machozi.

"Nitoe!" anasema Ngiri.

"Kuta umezionaje, mpangaji?"

"Zinachoma!"

"Basi nyumba imependeza. Kodi nayo ipendeze."

"Nitakupa ndago zako zote!"

"Na hiyo hewa unayohema hapo?"

Ngiri akajaribu kutohema. Akashindwa, kroooo!

Tone la kwanza likaanguka. To! Tone la pili likampata jichoni. Ule mfereji uliochimbwa ulipita kando ya mlango, na Bi Kalunguyeye kaweka mguu juu ya ukingo wake, anaubonyezabonyeza. Ngiri akauona ule mguu. Kwa mara ya kwanza maishani akakagua nyumba kwa macho.

"Sema unachotaka, mama. Mama yangu. Bibi yangu!"

"Nataka useme mbele ya mjumbe. Shimo hili la nani?"

"Lako."

"Na yale mengine?"

"Mengine pia? Yalaa! Ya wanaolala humo!"

"Mzee Kobe, umesikia?"

"Nimesikia. Na hii nayo niibebe?"

"Ibebe."

Bi Kalunguyeye akazunguka, akaingia kwa kile kitundu cha nyuma, akaanza kung'oa mwiba mmoja mmoja bila haraka, kama mtu anachambua mchicha. Ngiri akachomoka, puu! Akapita katikati ya watu mbio, mkia juu. Mwiba mmoja ulibaki kwenye shina la mkia. Bi Kalunguyeye anasema aliusahau. Anasema hivyo.

Mvua ikashuka kwa nguvu zake zote. Watoto wa kalunguyeye walikuwa wamekwisha rudishwa, wamelala ndani, pakavu, laini, wanavuta hewa bila kuulizwa.

Ndiyo maana mpaka leo ukimwona Ngiri anakimbia, mkia kausimamisha wima. Akiushusha, unamchoma. Na ndago zake siku hizi anachimba mwenyewe, kapiga magoti, maana wapangaji hana. Ila shimoni bado anaingia kinyumenyume. Mwenye nyumba hafundishiki.

Unasemaje, Chande? Bi Kalunguyeye aliishia vipi? Aliishi raha mustarehe. Mjusi alikuja kumwomba kona, akampa bure. Lakini Kobe anasema siku hizi asubuhi asubuhi anamkuta kasimama mlangoni, amesimama tu, anaangalia mlango wa jirani. Mimi simo.

Mafunzo ya hadithi yetu, wajukuu zangu: mwenye nyumba ni mzazi, mheshimuni. Akija kukagua msimzuie, mpisheni aingie. Mfike naye mpaka ndani kabisa.

Haya, natoka.

Toka!

Natoka kwa uso au kwa makalio?

Kwa uso, Bibi!

Nimetoka. Hadithi nimeiacha ndani, atakayeikuta ailipie kodi.