Kitufe Chekundu cha Chumba cha Roketi

Isome taratibu, kisha umpelekee yeyote anayekaribia kuoa.

Mzee Kangero alikuwa na binti mmoja, Nakiete. Kila aliyekuja kumposa alipewa sharti moja: ampeleke kwanza mzee kwenye bustani ya michezo ya mjini, wapande pamoja chumba cha roketi.

Chumba kile hakiendi popote. Mlango unafungwa, mbele inawashwa picha ya roketi ikichomoka kati ya milima, na viti vinatikisika kuifuata. Macho yanaamini unaruka, mwili unajua umekaa. Hapo ndipo kichefuchefu kinapoanza.

Mwaka uliopita mposaji wa kwanza alikaa humo hadi mwisho akipiga mbinja. Mzee alimkataa siku ileile, wala hakutoa sababu. Kwa hiyo Heriel, mposaji wa pili, hakutulia wiki nzima.

"Baba yako anataka nini hasa?" alimuuliza Nakiete.

"Laiti ningejua. Wewe usitapike tu."

Siku ilipofika, mwendesha mtambo aliwaambia abiria, "Atakayeshindwa abonyeze kitufe chekundu. Chumba kitasimama kwa wote."

Roketi ikachomoka. Heriel alipogeuka, aliona uso wa mzee umelowa jasho, midomo ameibana, vidole vimeng'ang'ania kiti.

"Mzee, salama?"

"Salama kabisa. Au umeanza kuogopa?"

Heriel akakitazama kitufe. Akikibonyeza ataonekana legelege, na huenda akamkosa Nakiete. Roketi ikapinduka. Mzee akafumba macho.

Heriel akabonyeza.

Taa zikawaka. "Nani huyo?" abiria wakafoka. "Si angebaki kwao ananyonya!"

"Ni mimi," alisema Heriel. "Samahanini. Tumbo limenishinda."

Nyumbani, Nakiete alikuwa akizunguka uani, hakai, hasimami. Alipowaona alimkimbilia Heriel. "Vipi?"

"Nimeharibu."

Mzee aliomba maji, akasukutua, akaketi.

"Kijana, ulisema tumbo limekushinda?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona njiani tukirudi umekula mishikaki mitano, ukamalizia na yangu?"

Heriel akainamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakufa mle ndani, nawe uliniona," alisema mzee. "Yule wa mwaka jana aliniona natapika ndani ya kofia yangu, akazidisha mbinja. Sikuwa natafuta mwanamume asiyetapika. Nilikuwa natafuta atakayesimamisha safari."

Akamgeukia binti yake. "Mwambie mama yako awaite wajomba, tupange siku. Na asinipikie chochote leo."

Funzo: Anayekujali kweli huiona shida yako kabla hujaitamka, na yuko tayari kuchekwa yeye ili wewe upumue.