Nchi ya Wiki Mbili

Simba akimwona swala hakurupuki. Hujibanza, hupima upepo unakotoka, husogea hatua moja, kisha husimama. Asiyemjua atasema mnyama yule amechoka au ameshiba. Sivyo. Pole yake si uvivu, ni hesabu. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Fundi mmoja wa majokofu aliwahi kuambiwa kwamba methali hiyo imepitwa na wakati, na alikaribia sana kuamini.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, na karakana nzima ilimwita Baridi. Wateja walidhani jina lilitokana na kazi yake. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona akirukia jambo. Mteja angeingia akifoka kwamba friji lake limekufa, naye angejibu, "Keti kwanza, mzee wangu. Tulisikilize linasemaje." Kisha angepaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba na kuchuchumaa, akitazama kiputo kitatokea wapi. Kufikia hapo mwenzake wa meza ya pili, kijana mwepesi aliyeitwa Kasi, alikuwa ameshajaza gesi kwenye mafriji mawili na anafuta mikono. Mafriji ya Kasi yalipoa siku hiyo hiyo. Baadhi yake yalirudi baada ya mwezi, ndani yana joto kama kabati la nguo.

Mwenye karakana alipotangaza kwamba atafunga mwisho wa mwaka, kwa kuwa watu siku hizi walitupa majokofu badala ya kuyatengeneza, mafundi hao wawili waliamua kutafuta kazi nje ya nchi. Tofauti yao ilikuwa moja. Kasi alitaka kuondoka. Baridi alitaka kuondoka na binti yake wa miaka mitano, ambaye baba yake alifariki kabla mtoto hajajua kutamka neno "baba".

Mjini hapo, kila aliyetaka kwenda nje alianzia kwa mtu waliyembandika jina la Balozi. Huyu alikuwa mume wa dada yake Baridi, mpiga picha za pasipoti, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote lakini alizijua viza za dunia nzima kama kiganja cha mkono wake. Ukutani mwa studio alibandika orodha ya nchi, rahisi juu, ngumu chini, na kila Jumatatu aliipanga upya kama msimamo wa ligi.

"Hii hapa," alisema, akigonga jina la kwanza kwa kalamu. "Wiki mbili tu. Hakuna mtihani, hakuna lugha, hakuna kuulizwa cheti. Unapiga picha, unatia sahihi, unapanda ndege."

"Niandike!" alisema Kasi kabla sentensi haijafika mwisho.

Baridi alikuwa bado anasoma orodha. "Shemeji, kwa nini ni rahisi?"

"Kwa nini ni rahisi?" Balozi alimgeukia Kasi. "Umesikia? Mtu anafunguliwa mlango, anauliza bawaba ni za chuma gani!"

"Nauliza tu. Mtoto anaruhusiwa?"

"Mtoto atakufuata baadaye."

"Baadaye imeandikwa wapi?"

Balozi alipekua karatasi zake, akakohoa, akapekua tena. Haikuwa imeandikwa popote.

Kwa siku kumi Baridi alisoma masharti ya kila nchi, moja baada ya nyingine, na kujaza daftari. Mwishowe aliweka kidole kwenye jina la nne kutoka chini. Nchi hiyo ilikuwa na upungufu wa mafundi majokofu na ilisema hivyo waziwazi. Viza yake iliandikwa kwa jina la mfanyakazi, si la mwajiri, na mtoto aliingia pamoja na mzazi. Ila ilitaka mtihani wa lugha, kisha mtihani wa ufundi. Safari nzima ingechukua mwaka na nusu, mambo yakienda vizuri.

"Mwaka na nusu!" Balozi alishika kichwa. "Shemeji, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

"Simba gani? Wewe unatengeneza mafriji!"

Kasi alicheka mpaka akaegemea mlango.

Aliondoka siku ya kumi na tatu. Baada ya wiki picha yake ilizunguka mtaani kwenye simu, amevaa miwani ya jua, nyuma yake jengo refu la vioo. Mama yake Baridi, aliyeishi naye nyumbani kwa Balozi pamoja na mjukuu, aliitazama picha hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitaji kutazamwa. Alihema tu, na mhemo wa mama huyo ulikuwa na maneno mengi kuliko hotuba.

Baridi aliamka kila alfajiri kabla ya kazi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda alicholalia na bintiye, akarudia maneno ya kigeni kwa sauti ya chini. Ulimi ulikataa. Kulikuwa na herufi moja iliyotokea kooni, kama mtu anayetaka kutema mwiba wa samaki. Aliirudia kwa miezi minane. Alipofanya mtihani, alianguka, zimempungukia alama nne tu.

Matokeo yalikuja wiki ile ile karakana ilipofungwa. Jioni hiyo Balozi aliingia sebuleni na fomu ya nchi ya wiki mbili, ameshaijaza kila kitu isipokuwa sahihi.

"Shemeji, sikutanii leo," alisema kwa upole. "Wanafunga mlango mwisho wa mwezi. Baada ya hapo na wao wanaanza mitihani."

"Mwanangu, tia sahihi," alisema mama. "Mtoto atabaki na sisi. Mkataba wa miaka mitatu ni nini? Utageuka hivi, imeisha."

Baridi aliisoma fomu yote. Penye kipengele cha familia palikuwa na neno moja: *hairuhusiwi*. Alihesabu kichwani. Angemwacha mtoto wa miaka mitano na kumkuta wa miaka minane, ambaye angemwonea haya kama mgeni. Lakini mtihani ulikuwa umemshinda, kazi imekwisha, na nyumba haikuwa yake. Alichukua kalamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka jambo liishe tu, liwe lolote.

Kisha akaiweka kalamu chini na kumpigia simu Kasi.

"Kasi! Mambo?"

"Poa!"

"Huko kazi vipi?"

"Safi kabisa! Huku ni kuzuri, dada, wewe njoo tu."

Mtu mwingine angeshukuru na kukata simu. Baridi aliuliza kama anayepaka sabuni kwenye kiungo. "Sasa hivi umeshika nini mkononi?"

"Katoni. Niko bohari."

"Mara ya mwisho umeshika geji ya kupimia gesi lini?"

Katoni ilisikika ikiwekwa chini. "Tangu nifike sijaishika."

"Si uhame? Mafundi hawatakiwi huko?"

"Wanatakiwa. Ila viza si yangu, ni ya bosi. Pasipoti pia anayo yeye. Nikiacha kazi, viza imekufa siku hiyo hiyo. Nimegandishwa ndani yake kama samaki kwenye friza."

"Mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Nani aliniuliza? Wote mkipiga mnasema 'Mambo?', nami nasema 'Poa'. Hata wewe umeanza hivyo hivyo."

Simu ilikuwa kwenye spika na wote sebuleni walisikia. Balozi alichukua fomu mezani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Aliliuliza zulia, si mtu, "Mtihani mwingine ni lini?"

Ulikuwa baada ya miezi mitano. Baridi alipata kibarua cha kusafisha vipoza hewa maofisini na aliendelea kuamka alfajiri. Safari hii alipita, na alama tisa za ziada.

Mtihani wa ufundi ulifanyika kwenye ukumbi wa chuo. Watahiniwa walikuwa tisa, kila mmoja na friza lisilogandisha mbele yake, na saa tatu za kazi. Geji ya Baridi ilionyesha mgandamizo mdogo mno upande wa kuvuta, gesi inakorudi kwenye mota. Wengi huisoma dalili hiyo kwa namna moja tu: gesi imepungua. Dakika ya kumi haijafika, alisikia mitungi ikifunguliwa kulia na kushoto kwake. Mtahiniwa wa jirani alimtupia jicho na kumnong'oneza, "Dada, umelala?"

Baridi alipaka sabuni. Hapakuwa na kiputo. Alipaka tena, mpaka kiungo cha mwisho. Gesi haikuwa imevuja, basi kwa nini ipungue? Alishika bomba kabla ya kichujio kinachosafisha gesi, likawa na uvuguvugu. Alishika baada ya kichujio, likawa baridi na linatoka jasho. Hapo akatabasamu. Gesi ilikuwamo yote, ila njia ilikuwa imeziba. Kuongeza nyingine kungekuwa kumshindilia chakula mtu aliyepaliwa.

Aliitoa gesi, akakata kichujio, akachomelea kipya, akavuta hewa yote nje, akapima gesi kwenye mizani na kuijaza. Zilipobaki dakika sita, ukuta wa ndani wa friza ulikuwa umeota utando mweupe wa barafu.

Msimamizi, aliyetumwa na nchi ile ya viza, alikuja na karatasi yake. "Dakika arobaini za mwanzo hukufungua kitu chochote. Ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi," alijibu Baridi, kwa lugha yake msimamizi, na ile herufi ya kooni ilitoka bila kukwaruza.

Kati ya watahiniwa tisa walipita watatu. Viza zilikuja miezi kumi na tisa tangu siku ile ya orodha ukutani. Zilikuwa mbili. Mama alizitazama, akahema, lakini mhemo huu ulikuwa mfupi na uliishia kwenye kicheko. Kasi alikuwa amebakiza karibu mwaka na nusu wa mkataba. Alipopata habari alituma ujumbe wa maneno matatu: "Nitumie hilo daftari." Baridi alipiga picha kila ukurasa na kumtumia yote.

Waliposhuka kwenye ndege, mama na mtoto walisimama mbele ya kioo cha uhamiaji. Ofisa alikuwa mwanamke mwenye miwani na uso usiopenda mazungumzo. Alitazama karatasi, kisha akainama kumwona mtoto, akauliza kwa lugha ya nchi yake, "Umekuja na nani?"

Baridi alifungua mdomo ajibu, lakini alitanguliwa.

"Na mama yangu," alisema mtoto kwa lugha ile ile, na herufi ngumu akaitoa kooni kama aliyezaliwa nayo. "Yeye anatengeneza mafriji. Mimi nitasoma shule."

Ofisa alivua miwani. Baridi alimtazama bintiye kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Wewe! Nani kakufundisha?"

"Wewe," alisema mtoto, akishangaa swali lenyewe. "Kila asubuhi ulikuwa unadhani nimelala."

Ofisa alicheka, akagonga mihuri miwili, mmoja baada ya mwingine, na lango likafunguka. Walipita pamoja, mkono kwa mkono, bila haraka. Naam, simba mwenda pole ndiye mla nyama.