Kata ya Ndama

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa mto.
— Mto gani?
— Mto wa mchanga mtupu. Sogeeni basi, msikie.

Kale, kale ile ya bibi za bibi zetu, mvua ilikosa mwaka wa kwanza, ikakosa wa pili, ikakosa wa tatu. Mtama ulikauka ukiwa wa magotini. Mto ukabaki mchanga.

Chini ya mchanga maji yalikuwapo, ila watu hawakujua ni wapi. Aliyejua ni Ndovu. Alinusa, akaparua kwa mguu, na watu wakachimba papo hapo. Ndiyo maana palikuwa na desturi: kata ya kwanza unamimina kwenye hori la wanyama, ya pili ndiyo ya kibuyu chako.

Syombua alikuwa ananyonyesha mtoto, Nzilani, na maziwa yalikuwa yanamkauka. Kila asubuhi alichungulia kisima chake roho mkononi. Leo yapo, kesho je? Siku moja akaliacha hori kavu, akazungushia kisima miiba.

Akaja Kanga. "Mama Nzilani, hori kavu."
"Maji ni ya mwanangu."
"Haya, mama." Akaondoka.

Akaja Swala. "Mama Nzilani, hori kavu."
"Maji ni ya mwanangu."
"Haya, mama." Akaondoka.

Akaja Ndovu na ndama wake. "Mama Nzilani, hori kavu. Huyu hajanywa tangu juzi."

Syombua alimwona ndama, tena vizuri sana, mtu asinidanganye. Akainamisha macho. "Kila mama na mwanawe."
"Haya, mama." Ndovu angeweza kuikanyaga miiba ile. Hakuikanyaga, kwa heshima ya mwenye mtoto.

Siku ya tatu kisima kikakauka. Syombua akachimba pengine: mchanga. Pengine: mchanga. Pengine: mchanga. Nzilani alilia bila machozi, kisha akanyamaza, na hapo ndipo mama yake alipoogopa kweli.

Akambeba mgongoni, akafuata nyayo za Ndovu, kubwa na ndogo. Kwenye kona ya mto nyayo ndogo zikaisha.

Ndovu alikuwa amesimama peke yake.

"Mama Ndovu, nimekosa. Nionyeshe maji."

"Wangu alianguka jana," Ndovu akasema. "Nilichelewa kuyanusa." Akaparua mchanga. "Chimba."

Syombua akachimba mpaka kucha zikatoka damu. Yakaja maji ya kata moja tu. Akaiinua ile kata, akampelekea Ndovu.

Ndovu akairudisha polepole kwa mkonga. "Mpe mtoto."

Nzilani akameza. Akalia. Syombua naye akalia.

Tangu siku hiyo, watu wa mto ule humimina kata ya kwanza kwenye hori hata kama hakuna mnyama aliyekuja. Huiita kata ya ndama.

Funzo langu ni hili: ukimfungia kisima aliyekuonyesha maji, utabaki na miiba yako. Hadithi imekunywa, imelala. Na wewe Mbithi, hicho kibuyu unachokificha nyuma ya mgongo nimekiona. Msimulizi ana kiu.