Mchwa Aliyempa Kiboko Wingu Lote

Jamani, nigawe?
— Gawa!
Nimpe nani?
— Tupe sote!
Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma acha kutafuna.

Hapo kale, yaani juzijuzi tu, wanyama walikuwa na Wingu. Msitazame juu. Lilikuwa banda la kompyuta, lenye baridi, linanguruma vuuu, vuuu. Kila mnyama alipeleka kazi zake humo. Kiboko alipopeleka zake, akajitandaza. Kumbukumbu yote yake, zamu zote zake.

"Sogea kidogo, Bwana Kiboko."

"Nisogee niende wapi? Nalitaka lote."

Chura akamwendea rafiki yake Mchwa, fundi wa mifumo. "Somo, sauti ya marehemu mama imo mle. Inakatikakatika. Ikifutika, sina pengine pa kuisikia."

Mchwa akaingia kuunda kiini kipya, ile sehemu ya katikati inayogawa nafasi na zamu. Gu-gu-gu, akatafuna. Gu-gu-gu, akajenga. Kila mmoja akamzungushia kuta zisizo na mlango wala ufa. Yeye akabaki katikati, maana lazima awepo wa kugawa. Kisha akamwita Kiboko.

"Mzee, wenzako wametoka. Wingu lote lako."

Kiboko akatazama kulia, hakuona mtu. Akatazama kushoto, hakuona mtu. Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Kumbe kapewa chumba kimoja tu, kama wenzake.

Chura naye akatazama kulia, hakuona mtu. Kushoto, hakuona mtu. Sauti ya mama ikaimba mwanzo mpaka mwisho. Akalia kwa furaha, akaita, "Somo, njoo tusikilize wote."

Mchwa alimsikia. Aliye kwenye kiini husikia wote. Lakini ili aitikie lazima atoboe ukuta, na kwa ufa huo Kiboko atajua kuna majirani, na kuta hazimwezi. Akanyamaza. Chura akaita tena, kisha akaacha kuita. Mchwa aliumia, asikwambie mtu.

Upande wa pili Kiboko naye akaanza. "Kuna mtu? Hata mmoja? Nitampa nusu."

Mchwa alimjua: leo nusu, kesho lote. Akaendelea kugawa. Zamu yako. Na wewe, zamu yako. Wa kumwambia yeye "zamu yako" hakuwepo.

Basi jifunzeni: ukitaka kuishi vizuri na jirani, asijue kama upo.

Hadithi nimeigawa yote, nimebaki na mikono mitupu. Sasa nani ananisindikiza nyumbani?

Mbona kimya?